Konokono Waliotiwa Ndimu

Ndimu ndiyo iliyomponza Mwanabaraka. Mtu wa Mwanza akisikia shombo, mkono unakwenda kwenye ndimu wenyewe, si ndivyo tunavyoosha sato. Na wale konokono wawili wa baharini, aliotumiwa kwa basi na mpwa wake Iqbal wa Tanga, walikuwa wananuka kweli. Akawakamulia ndimu bakulini, akaenda kuswali adhuhuri.

Kurudi, bakuli linatoa povu.

Kuwatoa, migongo imelainika. Na konokono hao, wadogo tu kama ncha ya kidole gumba, sifa yao iko mgongoni. Wanakaa shinani mwa matumbawe, yale mawe yenye uhai kule baharini, wala hawahami, mpaka mdomo wa nyumba yao unafuata umbo la pale walipokaa. Ndani ya mdomo zambarau tupu. Nje mbavu zimejipanga, na juu ya mbavu vimwiba vya kukwaruza kama ulimi wa paka. Hivyo ndivyo vinavyoshika uzi. Maana mkanda wa ngoma wa Teodora, aliomletea Mwanabaraka autengeneze, hauna konokono aliyetobolewa. Wote thelathini walifungwa kwa uzi tu, tangu enzi za mama yake. Wawili wakapotea, ndipo hawa wakaagizwa Tanga. Na Teodora anacheza kwenye tamasha la ngoma la Bujora keshokutwa.

"Weka wa ziwani," akasema Bashiru, mume wa Mwanabaraka, anashona kiatu. "Nani atainama kukagua kiuno cha mke wa mtu?"

"Wewe ungeinama."

Bashiru akacheka mpaka akajichoma sindano.

Wa ziwani alishawajaribu. Ukikaza uzi wanapasuka, ukilegeza wanateleza. Akachukua tupa ndogo ya mumewe, akaketi mlangoni, akaanza kuchonga mifereji pale ndimu ilipokula. Polepole, unga mweupe unamwagikia kanga.

Teodora akaingia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Konokono wako nimewaharibu, nimewatia ndimu."

Teodora akawatazama. "Ungetia na chumvi, mama, tukala kabisa."

"Utakula ukishacheza. Shika uzi."

Wakawafunga konokono wote wawili mkandani. Mwanabaraka hakumpa mkanda. Akajifunga mwenyewe, mama mzima wa miaka sitini na mbili, akatoka uani. "Imba," akasema. Teodora akaimba, Bashiru akapiga soli kwa nyundo, kiuno kikaenda. Mara konokono mmoja akachomoka, akadondoka mchangani.

Mwanabaraka akamwokota. Akaketi, akachonga mfereji ukaingia ndani zaidi, akamfunga upya kwa mafundo mawili, akasimama. Wakaimba tena. Akatikisika mpaka kilemba kikamwangukia mabegani, jasho linamtiririka. Konokono wakabaki.

"Mama, wameshika," Teodora akasema, akanyoosha mkono apewe mkanda.

Mwanabaraka akausukuma ule mkono pembeni.

"Imba mwingine," akasema, anahema. "Huko Bujora hamtacheza wimbo mmoja."