Maji ya Goti la Joab

Mume wangu Joab anabeba gunia la majani chai bila kulalamika, lakini sindano? Wueh! Hapo anageuka mtoto.

Ncha ya tawi la chai ilimchoma gotini wakati wa kupogoa. Kidonda kikapona, goti likabaki limevimba. Majirani wote katika kambi ya wafanyakazi wa chai wakasema ni baridi ya huku. Duka moja la dawa huko Sotik wakampa vidonge vya kushusha uvimbe. Wiki moja akatembea kama bwana arusi, kisha goti likafura kuliko mwanzo.

Ndipo nikamburuta hadi hospitali ya Bomet. Daktari Chelimo alilibonyeza goti polepole, akauliza, "Kuna kitu kiliwahi kukuchoma hapa?" Hakuna mtu alikuwa ameuliza hivyo. Akataka kuvuta maji ya goti kwa sindano yakapimwe.

Joab akaukunjua upesi mguu wa suruali, akalifunika goti. "Hapana. Goti likitolewa maji linakauka. Owiti wa pale kambini alitolewa, hajatembea tena."

"Owiti alikanyagwa na trekta!" nikamfokea.

"Maji hujirudisha yenyewe, mzee," daktari akasema.

Joab akanitazama mimi. "Mama Ryan, nikikosa kutembea, utanifanyia nini?"

Swali hilo lilinikata maini.

"Nitakubeba mgongoni," nikasema, "nikikutukana njia nzima. Lete mguu."

Akacheka, akaleta mguu. Alinishika mkono hadi vidole vikafa ganzi. Maji yalitoka mazito, kama ya kuoshea mchele.

Maabara waliyaweka, wakangoja kuona nini kitaota. Tuliporudi, daktari akatuambia, "Ni fangasi. Iliingia na lile tawi, na vile vidonge vya uvimbe vikashusha kinga ya mwili, vikaipa nafasi. Utameza dawa hii mwaka mzima, baada ya chakula, na tutakuwa tukipima damu tuangalie ini."

Mwaka mzima! Nilimsimamia kama askari. Asipomeza, hakuna anayelala nyumba hiyo.

Jumapili iliyopita, mwaka wa dawa ukiwa umeisha, tulitoka kanisani, akaniacha nyuma. Anashuka mteremko peke yake, haraka, anapiga mluzi. Nikasimama pale juu.

"Baba Ryan! Polepole!"

"Daktari amesema nimepona. Sasa unaogopa nini?"

Nilifungua mdomo nimtukane, machozi yakanitangulia. "Nilidhani watakukata mguu," nikasema. Mwaka wote sikuwa nimemwambia mtu.

Joab akaupanda mteremko wote tena, kwa goti hilo hilo, akaja kunishika mkono.