Oili Inaongezeka

Trekta la mzee Pasikali lilikuwa dogo, la bustani, lenye kiti cha chuma na boneti iliyopauka kama jani la mgomba wakati wa kiangazi. Zamani lilikata majani kwenye nyumba za wageni wa shirika moja kule Kibondo. Shirika lilipofunga virago, Pasikali akalinunua, akalifungia trela la mbao, na tangu hapo wanawake wa kitongoji chake, Nyakitonto, hawakubeba tena maharage kichwani kwenda gulioni.

Januari moja, maharage yakiwa yamejaa nyumbani, trekta likagoma. Binti yake Claudine, aliyemaliza chuo cha ufundi mwaka uliopita, alifungua pampu ya mafuta akakuta kiwambo cha mpira kimepasuka katikati. Pampu ile ya kizamani haikutumia umeme; ilivuta petroli kwa pumzi ya injini yenyewe. Spea yake haikuonekana Kasulu, wala Kibondo, wala Kakonko.

"Nitafunga ya umeme, Data," alimwambia baba yake, akimwita baba kwa Kiha.

"Unaweza?"

"Naweza."

Pasikali aliwageukia majirani waliokuja kuuliza habari za trekta. "Mmesikia? Mliniambia nimsomeshe ushonaji."

Jumanne Claudine alikwenda Kasulu mjini, dukani kwa Shamsi, mfanyabiashara wa spea aliyejua kila chuma kilichopita kwenye kaunta yake. Shamsi alimtolea pampu moja ya umeme, ndogo kama kopo la maziwa, kisha akaishikilia asiiachie.

"Trekta lako lina kabureta?"

"Ndiyo."

"Basi hii si yake, dada yangu. Hii imetoka kwenye gari la injeksheni. Inasukuma kama fahali. Kabureta ya kizee itaihimili wapi? Ngoja regyuleta ya kupunguza presha. Ijumaa inaingia kutoka Kigoma."

"Gulio ni keshokutwa, kaka Shamsi. Nitaubana mpira kwa waya, njia iwe nyembamba."

"Ukibana mpira umepunguza wingi, hujapunguza nguvu. Injini ikizimika na pampu bado inasukuma, petroli itakwenda wapi? Itaingia humo humo ndani."

"Nitaiwekea swichi. Injini ikizimwa, na pampu inazimwa."

"Swichi inazimwa na mtu," alisema Shamsi, "na mtu ni msahaulifu." Lakini aliiachia pampu. "Ijumaa, Claudine. Usinifanye nikuote ndoto mbaya."

Jumatano aliifunga. Aliisimamisha kando ya fremu, mbali na ekzosi, akakaza klipu, akavuta waya kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, na chini ya usukani akapachika swichi ya taa ya pikipiki. Mpira wa kwenda kwenye kabureta akauzungushia waya na kuukaza kwa koleo hadi ukabonyea. Alipobonyeza swichi, pampu ikaanza: tik-tik-tik-tik. Injini ikanguruma kwa mkupuo wa kwanza. Mama yake, Rosa, akapiga vigelegele akiwa na unga mikononi, na Pasikali akaketi kitini kama bwana harusi.

"Data, sikiliza. Ukizima injini, zima na hii. Kila mara."

"Nimesikia, mwana wanje, mwanangu."

Alhamisi trekta lilikwenda gulioni na kurudi. Ijumaa ikafika. Claudine alikumbuka regyuleta asubuhi, akiwa anapiga mswaki. Lakini jioni ya jana yake baba alikuwa amesimama mbele ya jumuiya, akamshika bega, akasema binti huyu amemfufulia trekta. Angeanzaje kumwambia kwamba kazi bado? Akasema moyoni, linatembea vizuri, nitakwenda wiki ijayo.

Siku zilizofuata, harufu ya petroli haikuondoka uani. Claudine aliikuta kwenye nguo zilizoanikwa, akaikuta hata kwenye maji ya kunywa, au alidhani ameikuta. Aliosha mikono kwa majivu, akainusa tena. Baba hakusikia chochote. Pua yake ilikwisha kuuawa na ugoro miaka mingi. Mara mbili, akipita karibu na trekta lililozimwa, Claudine alisikia tik-tik-tik chini ya boneti kama mdudu anayetafuna nguzo usiyoiona. Mara zote mbili alizima swichi, akatazama huku na huku, akaenda zake. Hakusema.

Alhamisi ya pili, jua likiwa limeshapanda, alikuwa anapepeta maharage na mama yake. Dumu la oili lilikuwa pembeni, bado limejaa.

"Data hajaongeza oili?" aliuliza. Injini ile ilikula oili kama mgonjwa anavyokunywa maji. Kila wiki ilitaka kikombe.

Rosa akacheka. "Hujui? Oili haipungui tena. Inaongezeka! Kila akichomoa kijiti cha kupimia, imepanda. Juzi ilifika alama ya juu, leo imepita. Amekwenda kuwasimulia watu kwamba Mungu amelibariki trekta kwa mikono yako."

Ungo ukamponyoka Claudine, maharage yakamwagika hadi mlangoni.

"Vipi wewe?"

"Mama, oili haizai. Ile ni petroli." Alikuwa ameshasimama. "Inashuka ndani ya injini. Amepitia njia gani?"

"Ya mlimani. Ana magunia sita na wamama wawili. Claudine! Vaa viatu!"

Hakuvaa. Alikimbia akikata mashamba ya mihogo, akiruka matuta, na kila alipofika mahali pa wazi alitega sikio asikie injini. Hakusikia. Ukimya ule ulimtisha kuliko kelele yoyote, kwa sababu injini iliyonyamaza ndiyo aliyoonywa. Kichwani mwake alikuwa na neno moja tu, swichi, na uso wa baba yake akicheka.

Aliwakuta kwenye mteremko, karibu na kibanda cha Asia, mwanamke aliyechoma mihogo kando ya barabara. Trekta lilikuwa limesimama juu kidogo, jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu. Wamama wawili walikaa juu ya magunia wakitafuna. Pasikali alikuwa ameinama juu ya jiko la mkaa akichagua muhogo.

"Huo umeungua, Asia. Unaniuzia makaa?"

"Meno yako ndiyo yameungua, mzee. Wenzako wanakula hawasemi."

Tik-tik-tik-tik, ilisema pampu.

Claudine aliona. Chini ya kabureta petroli ilikuwa inadondoka, si tone moja moja bali kamba nyembamba, ikiangukia udongo mwekundu na kuchora mstari mweusi kufuata mfereji wa magurudumu. Mstari ulikuwa unashuka polepole, bila haraka yoyote, kama nyoka anayejua aendako. Kati yake na jiko palibaki hatua nne. Au tatu.

"Asia! Ondoa jiko!"

"Ehee, mwingine huyo. Kibanda nililipia, muulize mwenyekiti."

"Data, toka hapo! Petroli!"

"Petroli ipo, nimejaza asubuhi," alisema Pasikali, akitabasamu kwa kumwona. "Njoo ule."

Hapakuwa na muda wa kueleweka. Claudine alilifikia jiko, akalishika kwa mikono miwili, likiwa na mkaa wake na mihogo yake. Akasikia ngozi ya viganja ikinata kwenye bati. Hakuliachia. Alikimbia nalo kupanda kando ya kilima, mbali na mfereji, akilia kwa sauti ambayo hakujua ni yake, akalitua nyuma ya kichuguu. Kisha akarudi, akasukuma swichi kwa kiwiko, na kelele ya pampu ikakatika.

Asia alikuwa amefungua mdomo amtukane. Akatazama chini. Mstari mweusi ulikuwa umefika pale jiko lilipokuwa, ukaingia kwenye duara la majivu ya moto na kufuka mvuke kidogo. Mvuke ukaisha.

Wamama wale wakashuka kutoka juu ya magunia mmoja baada ya mwingine, wakasimama ng'ambo ya barabara.

"Mikono," alisema Pasikali. "Nionyeshe mikono."

"Kwanza nisikilize, Data. Ile si baraka. Chomoa kijiti, uguse."

Alikichomoa. Kilichodondoka kilikuwa chepesi kama chai. Akakisugua kati ya vidole.

"Pampu ina nguvu kuliko kabureta. Inataka kifaa cha kuipunguza. Ukisahau swichi, petroli inajaa mpaka kwenye oili."

"Kumbe nimesahau mimi."

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. Claudine aliutazama. Viganja vilikuwa vinadunda kama moyo wa pili.

"Hapana. Shamsi aliniambia siku ile ile ya Jumanne. Aliniambia nisubiri. Na mimi nimeisikia pampu ikilia injini ikiwa imezimwa, mara mbili, nikanyamaza. Uliponisifu mbele za watu nikaona haya kurudi nyuma."

Pasikali alikirudisha kijiti mahali pake. Aliwageukia wale wamama ng'ambo. "Niliwapandisha humu nikiwaambia mmepanda baraka," alisema. "Nisameheni. Mimi sikujua. Huyu alijua." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na huyu ndiye aliyekuja mbio."

Asia alileta maji ya baridi kwenye bakuli. Hakukuwa na mzaha tena mdomoni mwake. Yeye mwenyewe alivizamisha viganja vya Claudine, akavishikilia humo kama mtoto anayeogeshwa.

Injini haikuweza kuwashwa, na mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Munanila. Walilifungua trela, wakaliacha trekta pale na matawi mbele na nyuma kuwaonya wapita njia. Maharage yakaanza kupanda mlima kwa nguvu za watu: Pasikali mbele kwenye mti wa kuvutia, wamama wawili na Asia wakisukuma nyuma.

Claudine hakuweza kushika kitu. Akatafuta jiwe bapa, akawa anatembea kando ya gurudumu akilisogeza kwa mguu. Kila walipoishiwa nguvu, trela lilianza kurudi nyuma, na magunia sita yakawaelekea wanawake vifuani.

"Weka!" aliita Pasikali bila kugeuka.

Akaweka. Trela likaegemea jiwe, likatulia. Wote wakahema.

"Umeweka?"

"Nimeweka, Data."

Safari hii mzee hakutosheka na neno lake; alitoka mbele. Alizunguka trela, akainama, akalitikisa jiwe kwa mkono wake mwenyewe kuhakikisha limekaa. Kisha akarudi kwenye mti wake.

Ilikuwa hivyo hadi juu, mara tisa au kumi, na kila mara alikuja kulitikisa.