Mikono ya Shemeji

Asubuhi hiyo mkuu wa kitengo cha seva alikuwa ananawa uso alipoona kwamba mikono si yake. Ilikuwa midogo, kucha zimekatwa fupi, na karibu na kidole gumba cha kulia palikuwa na kovu la pasi. Aliifuta kwa taulo, akaenda mezani.

Mke wake alikuwa anamimina chai. "Hiyo si mikono ya mdogo wangu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Basi shika kikombe vizuri, usije ukamuunguza."

Dada huyo mdogo wa mkewe alikuwa mhandisi katika kitengo hichohicho. Zamani seva ziliundwa kwa kubofya vitufe kwenye skrini, na kwa kubofya mkuu alikuwa hodari. Ndiko kulikompandisha cheo. Kisha kazi ikageuka. Seva zikawa zinaandikwa: unaeleza kwenye faili mashine unazotaka, unafungua dirisha jeusi kwenye skrini, unaandika amri, nazo zinajitokeza. Wote walijifunza isipokuwa yeye. Shemeji yake alimwambia mara nyingi, "Kaa hapa kidogo, shemeji, nikuoneshe. Ni amri chache tu." Kuuliza si ujinga, lakini mkuu aliona haya, akasema ana kikao. Shemeji akaendelea kuandika, na mkuu akaendelea kuipeleka kazi ile juu kwa jina lake mwenyewe.

Ofisini alimkuta shemeji ameketi, mikono mikubwa yenye vinyweleo imemlalia mapajani, pete ya ndoa ya mkuu kidoleni.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama. Nimeamka na mikono yako. Haijui kitu."

Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma mkuu.

Siku hiyo mkurugenzi alikuja kuona seva za hospitali zikijengwa. Mkuu alikaa mbele ya dirisha jeusi, mikono ikaanza. Kwanza iliuliza iko kwenye folda gani. Ikaorodhesha yaliyomo. Ikaomba kuoneshwa kitakachobadilika kabla ya kubadilisha chochote, ikasubiri, ndipo ikaamuru. Seva zikajitokeza moja baada ya nyingine. Mkuu aliitazama tu, masikio yakiwaka moto.

"Kumbe unaandika mwenyewe!" mkurugenzi alisema. "Nami nilikuwa nasikia maneno ya watu."

Kila aliyekuwemo chumbani aliliona kovu la pasi. Mkuu alifungua kinywa.

"Tunajitahidi," alisema.

Mkurugenzi akamgeukia shemeji, akamtaka afute seva za majaribio. Kichwa chake kilijua kila hatua. Hata alizitaja kwa sauti. Lakini vidole vile vinene vilihama kwenda kulia kutafuta kipanya. Akavirudisha, vikahama tena. Vilipokubali kuandika, viliandika amri ya kufuta bila kuuliza kwanza viko wapi, na seva za hospitali zikatoweka. Mikono iliyokuwa kwa mkuu ikazijenga upya kabla chai ya mkurugenzi haijapoa. Wakampigia mkuu makofi.

"Hii mikono ni ya mkuu," shemeji alimweleza afisa utumishi mchana.

"Naiona, dada yangu. Lakini aliyeajiriwa ni wewe, na uliyefuta ni wewe." Afisa akamgeukia mkuu. "Una la kusema?"

Mkuu alisema hana.

Shemeji alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa karatasi, polepole, maana vidole vilikuwa havijamzoea. Mlangoni alinyoosha mkono kuaga. Mkuu akaushika. Ulikuwa wa baridi, una jasho, umelegea. Hakuwahi kujua kwamba miaka yote hiyo hicho ndicho watu walichokuwa wanashikishwa. Mkono mdogo uliupapasa ule mkubwa mgongoni, taratibu, kwa huruma. Yeye hakuuagiza.

"Usiioshe kwa sabuni kali," shemeji alisema. "Ngozi yake inachubuka."

"Sawa, shemeji."

Jioni mkewe alimuuliza kama alimtetea mdogo wake. Alijibu kwamba mambo yalikwenda haraka. Mke akaondoa vyombo mezani, akazima taa ya jikoni huku yeye bado ameketi.

Wiki iliyofuata mlangoni pake palibandikwa cheo kikubwa zaidi. Mkuu aliingia, akafunga mlango, akainama na kujifunika uso kwa viganja. Vilikuwa vidogo, uso haukuenea. Kisha mikono ikajitoa usoni pake, ikafungua dirisha jeusi, ikaanza kazi.