Ukuta wa Chumba Namba Saba

Jumanne moja ya Februari, Namalwa alirudi kutoka shamba la maua saa kumi na moja na nusu jioni, mgongo ukimuuma kama unavyowauma wote wanaoshinda wima wakifunga waridi. Katika chumba chake, namba saba, alivua gambuti, akawasha gesi, akaegemea ukuta wa kijani wa upande wa choo akisubiri chai. Chai ilipochemka, mgongo ulikuwa umepona. Alikunywa vikombe viwili, kisha akafua sare yake.

Kesho yake alimwita jirani yake Mugure, mjane aliyeuza sukuma wiki langoni mwa ploti yao ya vyumba vya kupanga na aliyekuwa na pumu kwa miaka tisa.

"Mathe, hebu egemea hapa kidogo."

Mugure aliegemea nusu dakika. Kifua kikafunguka.

"Ni hii ukuta ya kijani peke yake?" aliuliza.

"Hiyo tu. Hizo zingine nimejaribu, hazina kitu."

Kufikia Jumapili, mtaa wote wa Karagita ulikuwa na habari. Watu walikuja na magoti, vidonda vya tumbo, sukari na presha, na kila mmoja aliondoka mzima baada ya nusu dakika. Namalwa hakutoza mtu chochote. Aliwaomba tu wavue viatu, kwa kuwa alikuwa amepiga deki, na alipoenda kazini alimwachia Mugure ufunguo.

Mei ilipofika, duka la dawa la ng'ambo ya barabara lilikuwa limefungwa. Achola, tabibu aliyekuwa na kliniki na maabara, aliwarudisha nyumbani wauguzi wake wawili. Vijana wa boda boda, ambao riziki yao ilikuwa kuwapeleka wagonjwa Naivasha, walishinda stejini wakicheza drafti. Wanyoike, mwenye ploti, alikuwa amewapangisha wauza dawa wengine vyumba vitatu vinavyotazama barabara, na sasa vyote vilikuwa vitupu. Ndiye aliyeitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa.

Achola alizungumza bila kinyongo.

"Watu wamepona, na hiyo ni kitu nzuri," alisema. "Mimi mwenyewe nimeenda huko na jino. Lakini tuseme ukweli, hii centre inakula kwa ugonjwa. Wauguzi wangu wako nyumbani, na mmoja ako na watoto wanne."

Hakuna aliyebisha. Hata waliopona walikuwa na binamu au shemeji aliyekuwa akiishi kwa wagonjwa. Mtu mmoja alipendekeza ukuta ubomolewe, lakini wazee wa kanisa walisema hiyo ingekuwa dhambi. Mwishowe walikubaliana kwamba ukuta ubaki palepale, na hospitali ijengwe kuuzunguka.

Namalwa alisimama.

"Hiyo chumba nimelipia mpaka Juni," alisema. "Mkitaka nitoke, nataka kazi. Ya kudumu. Na si ya kufagia, nataka ile ya mapokezi."

Wanyoike alimtazama Achola. Achola akatikisa kichwa kukubali.

Benki ilitoa mkopo, na hospitali ya orofa nne ikasimama katika muda wa miezi saba. Ukuta wa kijani ulibaki chini, mwisho wa ukumbi mrefu. Mgonjwa alifunguliwa faili, akapimwa damu, akapigwa picha ya eksirei, akaonwa na tabibu, akapewa kitanda, na asubuhi ya siku ya pili akapelekwa kuegemea. Kazi ya ukuta haikubadilika. Ilikuwa ile ile ya nusu dakika.

Karagita ilinenepa. Lami ilifika mpaka langoni. Wale wauguzi wawili walirudi na wakaongezwa wengine kumi na wanane, na vijana waliohitimu chuoni Njoro wakapata kazi maabara. Namalwa alilipwa mara mbili ya mshahara wa maua, akamjengea mama yake nyumba ya matofali huko Bungoma. Alivaa koti la buluu lenye jina lake kifuani, akaijua kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote pale, na hakuificha furaha yake.

Kodi za nyumba pia zilipanda, na Mugure akahamia mbali, karibu na machimbo ya mawe. Makato ya bima katika mashamba ya maua yalipanda mara mbili kwa mwaka mmoja.

Alhamisi moja ya Januari, mwaka mmoja baada ya hospitali kufunguliwa, boda boda ilimshusha Mugure mlangoni. Vumbi la machimbo lilikuwa limemrudishia pumu. Alikuwa akivuta pumzi kwa mabega.

"Mathe, uko na kadi ya bima?" Namalwa aliuliza, maana hilo ndilo swali la kwanza.

"Iko. Lakini... haijalipiwa."

Namalwa alimkalisha kwenye kiti, akaenda ofisini kwa Achola.

"Daktari, ni nusu dakika tu."

"Najua. Lakini nikimpitisha huyo, kesho laini itafika barabarani, na mwisho wa mwezi hakuna mshahara. Hata yako."

Namalwa aliyapima maneno hayo, akatafuta kosa ndani yake na hakuliona. Hilo ndilo lililomkera. Alitia sahihi fomu ya kukatwa mshahara miezi kumi ili kulipia bili, akamshika Mugure mkono na kumpeleka maabara, halafu kwenye picha, halafu kitandani. Usiku kucha Mugure alipumua kwa mashine.

Asubuhi aliegemea ukuta, akapona.

"Hii shuka yenu ni ghali," alisema akichukua karatasi zake. "Kwani hapa hamtafuti mtu wa jikoni?"

"Ngoja niulize," alisema Namalwa.

Walikuwa wakitafuta. Mugure alianza Jumatatu, kwa mkataba, na siku hizi anasema hana malalamiko. Makato ya Namalwa yanaisha Novemba. Kila asubuhi, saa moja kamili, Mugure husukuma kigari kutoka kitanda hadi kitanda akiwapa uji watu waliokwisha kuegemea na kupona, na uji huo umo kwenye bili.