Picha ya Kichwa cha Musembi

Mtu asiniambie nitulie. Nimetulia miaka mitano, na kutulia kwenyewe kumenifikisha wapi? Jumapili iliyopita nilimkuta Mchungaji Nyamai, huko mtaa wa Kongo, Kawangware, amesimama mbele ya kanisa zima, ameinua juu picha ya ubongo wa ndugu yangu, anawaonyesha watu mahali pepo linapolala.

Picha hiyo niliihangaikia mimi. Naitwa Kaluki, nafulia watu nguo pale Nyayo Highrise na ninaishi Kibera, upande wa Makina. Ndugu yangu Musembi anakaa na mama yetu huko Kongo. Ana kifafa tangu utotoni, na hilo tulishalizoea. Lakini miaka mitano iliyopita mambo yakageuka. Akianguka mara tatu nne mfululizo, baada ya siku mbili anaanza kusikia sauti. Zinamwambia chakula kimetiwa sumu, zinamwambia jirani anataka kumuua. Yeye fundi wa viatu ambaye matajiri wanatoka mpaka Lavington kumletea kazi, unamkuta amejificha chini ya kitanda.

Tukampeleka kliniki ya kifafa. Wakasema sauti si kazi yao, nendeni kwa madaktari wa akili. Madaktari wa akili nao wakafungua faili, wakasema huyu ana kifafa, mrudisheni kule. Hebu niambie, huyo mtu ana vichwa vingapi? Ni kichwa kimoja, shingo moja, na kila mlango unataka kipande chake tu! Huku, kule, huku, kule, mimi naomba ruhusa kazini mpaka wengine wakachoka na mimi wakatafuta mtu mwingine wa kuwafulia.

Mwaka huu ndipo tulipata daktari mwenye masikio, msichana tu, anaitwa Seline. Akamtuma Musembi kwa ile mashine kubwa inayopiga picha ndani ya kichwa. Picha ilipotoka akaiweka kwenye mwanga, akachukua kalamu.

"Hapa ndani, usawa wa sikio la kushoto, pamesinyaa kidogo kuliko upande wa pili," akaniambia. "Tunayaona haya kwa watu wengi wenye kifafa, na wanaosikia sauti pia ubongo wao mara nyingine huwa na tofauti. Picha hainiambii kila kitu. Lakini huyu ni mgonjwa mmoja na nitamtibu kama mgonjwa mmoja. Dawa hizi asikose hata siku moja. Akiziacha ghafla anaweza kuanguka asiamke."

Nikamuuliza, na huu weusi hapa katikati?

Akacheka. "Hiyo ni nafasi ya maji. Hata mimi ninayo. Hata wewe."

Aki nililia pale pale. Na kweli, miezi miwili Musembi alikaa sawa. Akarudi kwa viatu vyake, akaanza hata kunitania kwamba nimenenepa.

Kosa langu ni hili, na nitalisema. Ile picha nilimpa Mama. "Weka hii vizuri," nikamwambia, nikakimbia kazini. Sikukaa chini kumweleza. Mama hakusoma. Alichoona yeye ni kichwa cha mwanawe kina shimo jeusi katikati, akaogopa, na alipokosa wa kumuuliza akaipeleka kwa mchungaji.

Jumapili Lavender, jirani wa Mama, akanipigia simu. "Kaluki, kuja haraka. Wamemfungisha Musembi kwa maombi, leo siku ya tatu hajala. Na dawa ameambiwa aache."

Niliingia kwenye kanisa lile la mabati na ndara zangu za kufulia. Musembi ameketishwa mbele, midomo imekauka, kope la jicho linacheza. Mchungaji anagonga ule weusi kwa kidole.

"Mnaliona? Hata mashine za hospitali zimelishika!"

"Amina!" watu wakaitika.

"Ni maji hayo!" nikapiga kelele. "Nenda nawe upigwe picha, Mchungaji, tuone kama kichwa chako hakina! Kila mtu humu ndani anayo. Ugonjwa wake uko huku pembeni, na wewe hata hujaugusa!"

Wazee wawili wa kanisa wakanishika mikono. Mama akasimama. "Kaluki, usinitie aibu. Mtumishi amesema leo ndiyo siku ya mwisho."

"Siku ya mwisho ya nani, Mama?"

Hapo Musembi akatoa ule mlio wake, akaanguka na kiti. Nikajinyofoa kwa wale wazee, nikamlaza kwa ubavu, nikamtilia leso yangu chini ya kichwa. Na wao je? Wakapiga makofi!

"Linatoka! Linatoka!" mchungaji akashangilia, kinanda kikaingia, kanisa zima likaruka. Ndugu yangu anatoka povu, midomo imebadilika rangi, na watu wanacheza! Nikainua macho, nikamwona mama yangu mzazi naye anapiga makofi, machozi ya furaha yanamtiririka. Sijawahi kukasirika hivyo tangu nizaliwe. Ningekuwa na mkono mmoja huru ningemrushia mtu kiti. Lakini nilikuwa nimemshika Musembi, nahesabu dakika, na ilipofika ya nne mwili wake ukalegea.

Akapumua. Baada ya kitambo akafungua macho. Suruali ilikuwa imelowa, akaifunika kwa viganja. Akawatazama wale watu wote, kisha akamtazama Mama.

"Mama," akauliza polepole, "mbona mnapiga makofi?"

Mikono ya Mama ikabaki hewani. Kinanda kikanyamaza. Mchungaji akafungua mdomo, Mama akamwambia, "Ngoja kwanza, Mchungaji," na hakumgeukia hata kidogo. Akapiga magoti, akavua kitenge chake, akamfunga Musembi kiunoni.

"Tumekosea, mwanangu," akasema. "Mimi nimekosea. Simama, twende kwa daktari."