Tele ya Papa Anatole

Simu ilitetemeka ndani ya sahani ya bati. Nyumba ilikuwa giza tupu. Umeme ulikatika saa moja jioni, kama kawaida ya mtaa wetu, na binti yangu Lucie wa miaka mitano alikuwa bado na tonge la bugali mkononi. Simu naiweka dirishani juu ya sahani, njo mahali pekee mtandao unashika.

Ujumbe ulitoka kwa Mama Viviane, nesi wa Mpala. "Rosalie, mfumo umefunguka! Watoto kumi na wawili wa leo nimewaandika kwa dakika tano. Mumefanya nini huko?"

Hatukufanya kitu. Biro, ofisi yetu ya chanjo, ilifungwa saa tisa, na mimi tangu asubuhi sikuwa tena na namba ya siri ya kuingia mfumoni.

Wiki tatu mfumo wa chanjo wa mkoa ulikuwa unajikokota, halafu unaanguka. Majina yote yanakaa kwenye seva moja, huko Ulaya, na vituo vyote tunaitumia pamoja: Mpala, Kirungu, Kabalo, na sisi wa Kalemie. Mtoto asiyepata namba katika mfumo, nesi hamchomi sindano. Wamama walikuwa wanakaa juani toka asubuhi, wanarudi bure.

Asubuhi ya siku ile, Jumatatu, Papa Anatole, chef wetu, mkuu wa biro, aliniita mbele ya wote.

"Mama Lucie, mashine imeharibika tangu wewe uishike. Muntu wa masomo ya jioni! Walikufundishia gizani, sasa unaona giza tu."

Biro nzima ikacheka, hata Bertin, niliyemfundisha mwenyewe kushika kompyuta. Nikapewa daftari la kuandika wamama mlangoni. Mkataba wangu unaisha Ijumaa, hautaongezwa. Sikulia. Maneno yake niliyameza kama mwiba wa samaki, na mwiba ukakaa.

Basi gizani nikajiuliza: umeme ukikatika, ni nini kinazimika? Si seva; iko Ulaya. Si Mpala, wana sola. Inayozimika ni biro yetu. Na kompyuta zetu tunazizima saa tisa. Kinachobaki kuwaka ni kitu kimoja: tele, televisheni kubwa ukutani, nyuma ya kiti cha Papa Anatole. Aliiweka pale wiki tatu zilizopita ili wageni waone ramani ya mkoa na hesabu ya watoto ikipanda. Kila sekunde tano tele ile inaiambia seva: hesabu watoto wote wa mkoa, mmoja mmoja. Hesabu ya kwanza haijaisha, ya pili imefika, ya kumi imefika, ya mia. Wengine wote wanangoja nyuma yake, mpaka seva inachoka na kuanguka.

"Lucie," nikanong'ona, "njo ile tele inayoangusha seva."

"Ya Papa Anatole?"

"Ya Papa Anatole. Lakini tunyamaze mpaka Ijumaa. Kuna wageni wanakuja kutoka Kinshasa."

Jumanne umeme ulikatika mara mbili, na mara mbili Viviane aliandika: mbio! Uliporudi: mfumo umelala tena. Ushahidi ulitosha. Ningeweza kugonga kwa chef siku ileile. Sikugonga. Nilikaa mlangoni na daftari, Lucie pembeni, maana sina wa kumwachia. Mama Chantal alikuja kutoka kambi ya wavuvi na mapacha wake, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kila siku nilimtazama machoni nikamwambia, "Rudi kesho, mama." Sura ya Papa Anatole akiaibika mbele ya wageni niliitaka kuliko usingizi.

Ijumaa alisimama chini ya tele yake, suti imenyooka. Mgeni mkubwa, Mama Anne-Marie, alikuwa anaandika.

"Shida ni seva kuwa mbali," Papa Anatole alimwambia, "na mama mumoja hapa, hakusoma vizuri."

Niliingia bila kuitwa. Lucie kashika kitenge changu, wamama wakichungulia nyuma.

"Papa Chef, zima tele."

"Mama Lucie, rudi kwenye daftari lako."

"Unaogopa?"

Bertin akaguna. Mama Anne-Marie akainua kichwa. "Zima tuone, Papa."

Alikawia. Nikachomoa waya mwenyewe. Ramani ikafa. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, polepole, kama unavyomhesabia mutoto. Sikufika sitini. Simu ya biro ikalia, ujumbe juu ya ujumbe, na Bertin akasoma: "Mpala: umefunguka. Kirungu: na sisi. Kabalo: asante Mungu."

"Muntu wa masomo ya jioni," nikasema. "Sasa sema, Papa. Nani aliharibu?"

Jasho lilimshuka mpaka kwenye kola. "Ni mimi."

"Wamama wa nyuma hawakusikia."

"Ni mimi!"

Lo, utamu wake! Niliutafuna polepole. Mama Anne-Marie alifunga kalamu yake, akasema mkataba wangu utaendelea, na namba ya siri nirudishiwe sasa hivi. Wamama wakapiga vigelegele, wote isipokuwa mmoja. Mama Chantal alisogea mbele, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani.

"Mama Lucie, umegundua leo?"

"Leo," nikajibu haraka. "Leo asubuhi."

Kitenge changu kikavutwa.

"Hapana mama, ulijua tangu Jumatatu," akasema Lucie.