Jiko la Pili la Baba Yangu

Karani wa kodi alipopita mtaani kwetu Kilosa, alihesabu nyumba mbili: nyumba yenyewe, na jiko lililoko uani. Jiko lile lina kuta za udongo na mlango, na kwa macho ya serikali chochote chenye mlango ni nyumba. Kodi ya kwanza baba alikuwa nayo, ameitolea jasho katika shamba la mkonge. Ya pili hakuwa nayo. Asiyelipa hupelekwa kuvunja kokoto kwenye barabara ya Mikumi miezi miwili, na mvua zilikuwa karibu, mahindi yetu hayajapandwa.

"Peleka barua ya kupinga," mama alimwambia. "Mtoto yupo likizo. Tumemsomesha ya nini?"

Mtoto ni mimi, Nikolaus, mwanafunzi wa bweni, niliyewahi kuadhibiwa kwa kumvisha punda wa misheni kanzu ya padri. Nilichovya kalamu, nikaandika kwa unyenyekevu mkubwa. Nilipofika katikati, utundu ukanipanda kichwani: "Mheshimiwa, mimi Beda nina nyumba moja tu. Mwaka jana nilipata jiko jipya, nalo halijaniongezea kitu ila moshi na kelele."

Baba hajui kusoma. Alitia dole gumba, akanishukuru.

Siku ya tatu tuliitwa bomani, sote watatu. Baba alikuwa akifuta viganja vyake kwenye kaptura kila hatua kumi. Karani, mtu wa Pangani, alitupokea kwa tabasamu.

"Hongera, Mzee Beda."

"Ya nini, bwana karani?"

"Ya jiko jipya. Lakini mke wa pili naye ana kodi yake. Sasa zimekuwa tatu."

Kwetu watu huoa. Watu wa pwani, mtu akioa, husema amepata jiko. Mzaha huo niliufundishwa bwenini na wavulana wa Tanga, nami niliuandika nikicheka peke yangu. Sikuwaza kwamba msomaji naye angekuwa wa pwani.

Karani akaisoma barua kwa sauti. Mama alimgeukia baba polepole.

"Moshi na kelele? Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo jiko!"

"Si liko uani, mama Nikolaus? Unapika humo kila siku!"

"Uani kwangu? Napika naye?"

Askari mlangoni alicheka. Baba hakucheka; nilimwona akihesabu kitu kwa vidole, nadhani miezi ya kokoto. Wakati huohuo tukaitwa ndani kwa Bwana Shauri, Mwingereza mwenye uamuzi wa mwisho.

"Shikamoo, bwana," nilisema. "Barua ni yangu. Baba hana mke wa pili. Jiko ni jiko. Mafiga matatu na masizi."

Bwana Shauri alimtazama karani, kisha mimi.

"Nani analala ndani yake?"

 Kwa sheria ya kodi, panapolala mtu ni nyumba. Nami, tangu sauti yangu ilipokuwa nzito, silali chini ya paa moja na wazazi, ndiyo desturi. Mkeka wangu uko jikoni, na sanduku la shule lenye jina langu kwa rangi nyeupe. Nilikuwa na uongo mzuri sana mdomoni, lakini askari wa kwenda kukagua alikwisha kuvaa kofia. Uongo huo angeulipia baba.

"Mimi, bwana."

"Inua mkono."

Karani alichungulia kwapani mwangu kama anayetafuta kupe.

"Nywele zipo, bwana."

"Basi ni mtu mzima. Jiko liandikwe kwa jina lake. La baba futa. Na huyo mke, futa."

Baba alishusha pumzi ndefu, kisha akanitazama, akaelewa kwamba kodi sasa ni yangu, akainamisha kichwa.

Jumatatu wenzangu walipanda treni kurudi shuleni. Mimi nilipewa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi mkongeni, ili nipate fedha ya kodi yangu. Baba aliniazima kisu chake, akanionyesha jinsi ya kukata kwanza mwiba wa ncha ya jani.  Mama naye, kila alfajiri, hugonga mlango wa jiko:

"Mwenye nyumba! Kumekucha, toka nipike."